Si Kila "Port" ni Bandari

Mwongozo wa kusanidi seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine, una sentensi fupi: "Open port 443". Mfasiri mwenye kamusi ndogo ya mezani atafungua herufi P, atakuta "port" ni bandari, ataandika "fungua bandari ya 443", kisha ataendelea na sentensi inayofuata. Sarufi haina kasoro na kila neno ni la Kiswahili. Fundi atakayeisoma hataelewa anaambiwa afanye nini. Kilichokosewa ni nasaba: mfasiri amempa neno hilo baba asiye wake.

"Port" lina herufi nne tu, lakini katika kamusi kubwa za Kiingereza halikai katika kidahizo kimoja, yaani neno moja linaloorodheshwa na kufafanuliwa. Limegawanywa katika vidahizo kadhaa vyenye namba, kwa sababu wanaleksikografia, yaani watunga kamusi, waliona kwamba ni maneno tofauti yaliyoishia kuwa na umbo moja. Kiswahili kinalijua jambo hili vizuri. Paa wa porini, paa la nyumba, kupaa angani na kupaa samaki magamba yake ni maneno manne, na hakuna mwalimu anayemwambia mwanafunzi kwamba "paa" ni neno moja lenye maana nne. Tena sisi tuna msaada ambao Mwingereza hana: ngeli. Paa amekimbia, paa linavuja. Upatanisho wa kisarufi unakwambia mara moja kinachozungumziwa. "Port" halina alama kama hiyo, na msomaji hubaki kutegemea maneno yanayolizunguka.

Msimamo wa makala haya ni kwamba anayefasiri neno la namna hii asianze kwa kuuliza lina maana gani. Kwanza aulize: hapa tuna neno lipi? Swali la maana huja baadaye, na mara nyingi hujijibu lenyewe.

Asili kubwa ziko Kilatini, na ni tatu. "Portus" ni bandari. "Porta" ni lango. "Portare" ni kubeba. Kiingereza kilizipokea kwa nyakati tofauti na kwa njia tofauti, nyingine moja kwa moja kutoka Kilatini na nyingine kupitia Kifaransa, na kila mara mwisho wa neno ulipodondoka lilibaki umbo lilelile: "port".

Bandari ndiye mtoto anayejulikana zaidi, lakini hata yeye ana mitego. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilimaanisha pia mji wenye soko, iwe kuna maji au hakuna. Ndiyo maana Stockport na Newport Pagnell, miji ya Uingereza iliyo mbali na pwani, ina "port" katika majina yake. Newport Pagnell maana yake ni mji mpya wa soko, na anayeifafanulia wasomaji kuwa ni "bandari mpya" anawapeleka kutafuta gati katikati ya mashamba. Kutoka "portus" huyohuyo lilizaliwa pia neno la Kiingereza la fursa, "opportunity": Warumi waliita "opportunus" upepo unaovuma kuelekea bandarini. Kiswahili nacho kimeipanua bandari yake kwa njia yake. Neno letu limetoka Kiajemi, "bandar", na tulipohitaji jina la kituo cha makontena kilicho mbali na bahari, kama Isaka nchini Tanzania, kinachohudumia mizigo ya Rwanda na Burundi, tukasema bandari kavu. Hapo tafsiri ya moja kwa moja ilifaa, kwa sababu kazi zinazofanyika ni zilezile za bandarini: kushusha, kuhifadhi, kukagua na kutoza ushuru.

Mtoto wa "porta" amesambaa kimyakimya zaidi, na ndiye anayekosewa mara nyingi. Katika meli za vita za zamani "port" lilikuwa tundu lenye kifuniko ubavuni mwa meli, ambamo mzinga ulitoa mdomo. Mary Rose, meli ya Mfalme Henry wa Nane, ilizama mwaka 1545 karibu na Portsmouth. Ililalia upande wa kulia, na maji yakaingia kwa matundu ya mizinga yaliyokuwa wazi. Kiingereza huyaita matundu ya upande ule "starboard ports". Msomaji anayejua kwamba "starboard" ni kulia na kwamba "port" ni kushoto atadhani mwandishi amechanganyikiwa. Hajachanganyikiwa hata kidogo. "Port" la tundu na "port" la kushoto ni maneno mawili, na hapo linalotumika ni la tundu.

Mtoto wa "portare" tunaye nyumbani tayari kupitia maneno ya kukopa. Ripoti ni habari iliyobebwa na kurudishwa. Sapoti ni kubeba kutoka chini. Hata spoti imo: imekatwa kutoka "disport", neno lenye asili ya Kifaransa cha kale lililomaanisha kujiondoa kazini na kujiburudisha, kana kwamba mtu amebebwa kando ya shughuli zake. Pasipoti ina sura ileile lakini si ndugu wa karibu wa hizo. Ilitoka Kifaransa, "passeport", yaani ruhusa ya kupita bandarini, ingawa wapo wanaosema kupita langoni.

Mtu anaweza kupinga kwamba asili hizi tatu, mwisho wa yote, ni moja. Ni kweli. Wanaisimu wanazirudisha kwenye mzizi mmoja wa lugha mama ya Kihindi-Kiulaya, "per", wenye maana ya kupita au kuvuka. Mzizi huohuo, sauti ya p ilipogeuka f katika lugha za jamii ya Kijerumani, kikiwemo Kiingereza, ulizaa "ford", yaani mahali pa kuvukia mto kwa miguu, na "ferry", yaani kivuko. Kwa hiyo Portsmouth na Oxford zina damu moja. Jambo hili linavutia sana, lakini halimsaidii mfasiri. Undugu wa maelfu ya miaka hauamui neno litumike vipi leo. Kinachoamua ni mzazi wa karibu.

Sasa upande wa kushoto, ambao una historia nzito kuliko zote.

Simama chomboni, uso ukielekea omo (mbele) na mgongo ukielekea tezi (nyuma). Mkono wako wa kushoto ndio upande wa "port", na haubadiliki hata ukigeuka kutazama nyuma. Zamani Waingereza hawakuuita hivyo. Kabla usukani haujawekwa katikati ya tezi, chombo kiliongozwa kwa kasia kubwa lililofungwa ubavuni upande wa kulia, kwa kuwa watu wengi hutumia mkono wa kulia. Upande huo ukaitwa "starboard", yaani ubavu wa kuongozea. Kasia hilo lingevunjika kama chombo kingeegeshwa kwa upande wake, hivyo gati likawa daima kushoto, na mizigo ikapakiwa kushoto. Upande wa kushoto uliitwa "larboard", na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba jina hilo linatokana na kupakia.

Tatizo liko masikioni. "Starboard" na "larboard" hutofautiana mwanzoni tu, na katika dhoruba mwanzo wa neno ndio unaomezwa na upepo. Mabaharia walikuwa tayari na neno jingine la kushoto, "port", lililotumika tangu karne ya 16 katika amri za usukani, kwa kuwa huo ndio ubavu unaotazama bandari. Mwaka 1844 jeshi la majini la Uingereza likaamuru "larboard" liachwe na "port" lishike nafasi yake. Jeshi la majini la Marekani likafuata mwaka 1846. Ni nadra kwa lugha kubadilishwa kwa amri na mabadiliko yakashika. Hapa yalishika kwa sababu mabaharia wenyewe walijua gharama ya kutosikia vizuri.

Amri hiyo haikumaliza mkanganyiko. Kwa karne nyingi amri za usukani zilitaja upande ambao mkono wa usukani (mti wa kuushikia) ulipaswa kusukumwa, na mkono huo ukienda kulia, chombo huenda kushoto. Desturi hiyo ilibaki hata baada ya gurudumu kuchukua nafasi ya mkono. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, afisa wa Titanic William Murdoch aliamuru "hard a-starboard", na omo ikaelekea kushoto. Msukani hakukosea, alitekeleza amri kama ilivyoeleweka siku zile. Barafu iligonga ubavu wa kulia. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini wa 1929 ndio uliotaka amri itaje upande ambao meli inaelekea, na utekelezaji ukaja miaka ya 1930. Kwa hiyo anayefasiri shajara ya meli au ushahidi wa ajali ya kabla ya hapo asiandike "geuza kushoto" kila anapokutana na amri yenye "port". Kwa amri za usukani za wakati ule, meli ilitakiwa iende kulia. Usahihi wa sentensi nzima unategemea mwaka wa hati.

Je, Kiswahili cha bahari hakina neno la "port" hili? Kina joshini na demani, lakini hizo ni pande za upepo. Joshini ni ubavu unaopokea upepo, demani ni ule ambao upepo unauacha. Chombo kikibadili mwelekeo na tanga likahamia upande wa pili, joshini huwa demani. Kwa nahodha wa jahazi mgawanyo huo una faida kubwa, kwani ndio unaomwambia wapi pa kukaza kamba na wapi mawimbi yatamwagikia. "Port" haligeuki na upepo, hivyo demani si tafsiri yake. Hapa kusema "upande wa kushoto wa chombo" ndiyo njia iliyo salama, hata kama ni ndefu.

Urefu huo una thamani, kwa kuwa maisha yanautegemea. Taa ya kushoto ya chombo ni nyekundu na ya kulia ni ya kijani. Kila moja huonekana kuanzia mbele kabisa hadi nyuzi 112.5 upande wake. Vyombo viwili vya injini vikikatishana usiku, anayeona taa nyekundu ya mwenzake kulia kwake ndiye anayepaswa kupisha. Maboya yana utaratibu wao. Ukiingia bandarini kutoka baharini, Mombasa au Dar es Salaam, boya jekundu linakuwa kushoto kwako na la kijani kulia. Katika mabara ya Amerika, Japani, Korea na Ufilipino ni kinyume. Taa za chombo chenyewe hazibadiliki popote duniani. Mwongozo uliotafsiriwa kwa kuchanganya boya na taa unaweza kumweka mtu juu ya mwamba.

Mvinyo hauhitaji maelezo marefu. Mji wa Porto nchini Ureno maana yake ni "bandari" tu, na jina la kale la eneo hilo, Portus Cale, ndilo lililozaa jina la nchi nzima, Portugal. Mvinyo wa bonde la mto Douro uliposafirishwa kupitia mji huo, Waingereza waliuita kwa jina la mji na wakalikata: "port". Mkataba wa 1703 kati ya Uingereza na Ureno uliupa ushuru wa chini kuliko mvinyo wa Ufaransa, na mwaka 1756 mipaka ya eneo la uzalishaji ikawekwa kisheria. Kinachoutofautisha ni kwamba uchachushaji hukatizwa baada ya siku mbili tatu. Takribani lita 115 za pombe ya zabibu yenye nguvu ya asilimia 77 humiminwa katika lita 435 za maji ya zabibu yanayochachuka. Hamira hufa, sukari iliyosalia hubaki, na mvinyo hufika asilimia 19 hadi 22 ya alkoholi. Kwa Kiswahili ni mvinyo wa Porto. "Mvinyo wa bandari" ni kosa, na kosa hilo huingia hata hospitalini: alama ya kuzaliwa iitwayo "port-wine stain" haina uhusiano wowote na bandari wala na unywaji wa mama. Ni baka la kuzaliwa lenye rangi ya mvinyo mwekundu, linalotokana na mishipa midogo ya damu iliyotanuka kwenye ngozi.

Yapo mengine madogo. Katika jimbo la Queensland, Australia, "port" ni begi, kifupi cha "portmanteau". Katika Kigaeli cha Uskoti ni wimbo wa ala, na Kiingereza cha huko kimelichukua. Mfasiri anaweza kumaliza maisha yake ya kazi bila kukutana nayo, lakini yakimjia bila kutarajia ajue kwamba hayatoki kwa wazazi watatu wa juu kwa njia moja.

Turudi kwenye seva, kwa kuwa ndiko "port" linakofanya kazi nyingi zaidi siku hizi. "Port" la kompyuta ni mtoto wa "porta", yaani mahali ishara au data inapoingilia na kutokea. Lipo la kushikika, kama tundu la kuchomeka waya wa USB au chaja ya simu, na hilo mafundi wetu tayari wanaliita tundu au sehemu ya kuchajia. Waendelee hivyo. Lipo pia lisiloshikika, ambalo ni namba. Namba hiyo ina biti 16, yaani tarakimu kumi na sita za 0 au 1, kwa hiyo ziko kuanzia 0 hadi 65,535. Zile za 0 hadi 1023 zimetengewa huduma zinazojulikana: 80 kwa kurasa za wavuti, 443 kwa kurasa zilizosimbwa (zilizofichwa kwa msimbo), 25 kwa barua pepe, 53 kwa majina ya vikoa, 22 kwa kuendesha kompyuta ukiwa mbali. Anwani ya intaneti hufikisha data kwenye mashine. Namba hii ndiyo inayoifikisha kwenye programu husika ndani ya mashine hiyo.

Wapo wanaotetea "bandari" hapa wakisema data hufika kama meli. Njia ya kuamua ni kutazama vitenzi. Mafundi hulifungua "port", hulifunga, hulizuia, hulisikiliza, hupita kwalo. Hakuna anayelitia nanga, anayepakia wala anayelipa ushuru. Vitenzi vyote ni vya mlango, na "fungua mlango namba 443" inaeleweka kwa mtu asiyejua Kiingereza hata kidogo. Hatupotezi hata harufu ya bahari, maana Kiswahili kimezoea kusema mlango wa bahari. Wanaopendelea kukopa na kuandika "poti" hawajakosea pia, hasa katika hati za wataalamu, mradi waitumie kuanzia mwanzo hadi mwisho wa hati moja.

Ukichagua mlango, tofauti nyingine za kiufundi zinakaa sawa bila kulazimishwa. Mlango ulio wazi una programu inayosikiliza nyuma yake. Mlango uliofungwa hauna programu, lakini mashine hujibu mara moja kwamba muunganisho umekataliwa. Mlango uliozuiwa na ukuta wa moto ("firewall", yaani kichujio cha mawasiliano ya mtandao) mara nyingi haujibu kabisa, na anayeita husubiri hadi muda uishe. Mfasiri akiandika "imefungwa" kwa hali zote mbili za mwisho, fundi atapoteza saa nzima akichunguza programu wakati tatizo liko kwenye ukuta, au kinyume chake. Na programu mbili zikitaka kusikiliza mlango mmoja kwenye anwani moja, ya pili hukataliwa kwa ujumbe kwamba anwani tayari inatumika. Ujumbe huo ukifasiriwa kwa neno la bandari hauokoi mtu.

Kitenzi "to port" ni kisa kingine, kwa sababu kinamrudia "portare". Programu iliyoandikwa kwa mfumo mmoja hubebwa kwenda mfumo mwingine. Hapa tafsiri ni kuhamishia, na watumiaji wa simu walishaipata bila kuitafuta. Kenya ilipoanzisha mwaka 2011 huduma ya kubadili kampuni ya simu na kubaki na namba ileile, na Tanzania ikafuata 2017, Kiswahili kilichoshika ni kuhama mtandao. Hakuna mlango katika usemi huo, hakuna bandari, na kila mtu alielewa.

Hospitali ndiko nionako uzembe huu ukiwa na gharama kubwa zaidi. Mshipa mkuu unaopeleka damu kutoka matumbo hadi ini huitwa kwa jina la "porta", kwa sababu unaingia mahali ambapo matabibu wa kale waliita lango la ini. Kichocho cha matumbo, ambacho kimeenea katika jamii nyingi zinazozunguka Ziwa Victoria, huacha makovu kwenye ini na kupandisha shinikizo ndani ya mshipa huo, hadi mishipa ya umio inavimba na mgonjwa anaweza kutapika damu. Maelezo ya mgonjwa yakisema tu "shinikizo la damu", ataelewa presha ya kawaida, atapimwa mkononi, atakuta iko sawa, na atarudi nyumbani. Iandikwe "shinikizo katika mshipa wa lango la ini", na iongezwe kwamba mashine ya kupimia presha mkononi hailioni.

Kuna pia kifaa kinachoitwa "port" kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua kwa mgonjwa wa saratani, chenye chemba ndogo na mrija unaoelekea mshipa mkubwa karibu na moyo. Dawa huingizwa kwa sindano maalumu isiyokata kipande cha mpira wa kifuniko chake. Sindano ya kawaida hukikata, na kifuniko huanza kuvuja. Kisipotumika husafishwa kwa maji ya chumvi, kwa kawaida kila baada ya wiki nne au zaidi kwa maelekezo ya daktari, kwa kuwa damu ikiganda ndani mrija huziba. "Bandari ya kifuani" haimwambii mgonjwa chochote, na "mlango kifuani" utamfanya adhani ana kidonda kilichoachwa wazi. Kipeperushi kinachomwendea kiseme "kifaa cha kupitishia dawa, kilichowekwa chini ya ngozi", kisha kimpe na neno "poti" lenyewe, kwa sababu ndilo atakalolisikia muuguzi akilitamka.